Kibodi ya Vitufe 122: Makosa Niliyofanya Kabla Haijanifaa

Kosa lililonifikisha kwenye kibodi kubwa lilikuwa la kidole kimoja. Kazi yangu ni kuingiza na kusahihisha oda katika mfumo unaoendeshwa na kompyuta ya ukoo wa AS/400, ambayo IBM iliitoa mwaka 1988 na ambayo warithi wake wanafanya kazi hadi leo. Skrini zake ni za maandishi matupu, na karibu kila amri hutolewa kwa vitufe vya amri, F1 hadi F24. Kibodi ya kawaida inaishia F12. Kwa sababu hiyo programu inayoiga terminali, yaani skrini na kibodi za zamani zilizounganishwa na kompyuta kuu, hukiazima kitufe cha Shift: Shift pamoja na F1 huhesabiwa kuwa F13, Shift pamoja na F2 huwa F14, na kuendelea hivyo mpaka F24. Katika mfumo wetu F11 hubadilisha mwonekano wa orodha, na ndicho kitufe ninachokigusa mara nyingi zaidi katika safu hiyo. F23 hubatilisha oda nzima.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuandika jina la mteja kwa herufi kubwa. Kidole cha mkono wa kushoto kilikuwa hakijaiachia Shift, na mkono wa kulia ukabonyeza F11, kwa hiyo mfumo ukapokea F23. Ikatokea skrini ya kuuliza kama nina uhakika, nami nikaivuka kwa Enter kama nilivyozoea kuzivuka skrini nyingine. Oda iliyobatilishwa ilikuwa na mistari mingi sana, na mimi na mwenzangu tulichukua siku mbili kuiandika upya kutoka kwenye karatasi. Hakuna aliyenifokea, lakini niliona haya kiasi cha kushindwa kula mchana.

Nilipoanza kutafuta namna ya kuitenganisha F11 na F23, nilifahamu jambo ambalo ningepaswa kulifahamu zamani: terminali halisi, zile ambazo programu zetu zinaziiga, zilikuwa na kibodi yenye vitufe vyote 24, kila kimoja na mahali pake. Miaka ya 1980 IBM ilitengeneza kibodi ya vitufe 122 kwa ajili ya terminali zake. Juu kuna safu mbili za vitufe vya amri, F13 hadi F24 zikiwa juu ya F1 hadi F12. Upande wa kushoto kuna vitufe kumi vilivyopangwa katika nguzo mbili. Upande wa kulia kuna mishale na tarakimu. Upana wake unapita nusu mita, na ile ya aina ya Model F ina bamba la chuma ndani linaloifanya iwe nzito kuliko kompyuta nyingi za mkononi. Wapenzi wa vifaa hivi huiita manowari. Niliiona kwenye picha nikaamua siku hiyohiyo kwamba ndiyo dawa yangu, na uamuzi huo wa haraka ndio mzizi wa karibu kila hasara nitakayoieleza.

Nikiwa nasubiri mzigo, nilisoma mengi kuhusu kibodi zilizoundwa kwa kazi maalumu, na usomaji huo ulinifaa baadaye kuliko nilivyotarajia. Mashine ya Linotype ya kupangia herufi za kuchapia, iliyovumbuliwa na Ottmar Mergenthaler na kuanza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, ilikuwa na vitufe 90 na haikuwa na Shift kabisa. Herufi ndogo zilikuwa vitufe vyeusi upande wa kushoto, herufi kubwa vitufe vyeupe upande wa kulia, na katikati vitufe vya buluu vya alama na herufi nyinginezo. Haikuwezekana iwe vinginevyo, kwa sababu kila kitufe kilifungua mlango wa mfereji wake na kuangusha kalibu ya shaba ya herufi moja. Kitufe kimoja kilikuwa na kazi moja kwa sababu kalibu ni kitu cha kushikika, na kitu cha kushikika lazima kiwe na mahali pake.

Miaka tisini na kitu baadaye, katika taasisi ya MIT, Tom Knight alibuni kibodi ya kompyuta zilizoundwa kwa ajili ya lugha ya programu iitwayo Lisp, kibodi iliyokwenda njia nyingine. Iliitwa Space-cadet, na mbali na Shift ilikuwa na Control, Meta, Super, Hyper, Top na Front, jumla vitufe saba vya kushikilia huku kidole kingine kikibonyeza. Kwa hiyo zipo njia mbili za kupata amri nyingi, ama kuongeza vitufe, ama kuongeza vitufe vya kushikilia pamoja na vingine. Kibodi ya kawaida ya ofisini imefuata njia ya pili, na njia hiyo ndiyo iliyoniangusha. Wanaofanya biashara ya hisa kwa kibodi za Bloomberg, kampuni ya taarifa za masoko ya fedha, wamebaki kwenye njia ya kwanza: vitufe vya njano huchagua aina ya soko, vitufe vya kijani hutekeleza, na kile kilichoandikwa GO kiko miongoni mwa hivyo vya kijani. Mpangilio huo wa rangi niliukumbuka miezi kadhaa baadaye, nilipouhitaji.

Sasa nieleze ununuzi. Kosa la kwanza lilikuwa kutosoma maandishi yaliyo juu ya vitufe. Kibodi za vitufe 122 zilitengenezwa kwa koo mbili za terminali, ule wa 3270 ulioanza mwaka 1971 na kutumiwa na kompyuta kubwa, na ule wa 5250 ulioanza mwaka 1977 kwa kompyuta za ukubwa wa kati, ambao ndio asili ya mfumo ninaoutumia. Umbo ni moja lakini majina ya vitufe hayafanani. Mimi nilihitaji ya 5250, yenye kitufe cha Field Exit, cha kumaliza sehemu ya kujaza na kwenda inayofuata, nikaletewa ya 3270 yenye Clear, ErEOF na PA1. Muuzaji hakunidanganya, maana picha yake ilionyesha kila kitu na mimi ndiye niliyehesabu vitufe bila kuvisoma. Kama ungependa kununua, omba picha ya karibu ya safu zote, hasa vile kumi vya kushoto na vile vinavyozunguka mishale.

Kosa la pili lilikuwa kutouliza itafungwaje. Chuma kizito ndani ya ganda la plastiki lililozeeka ni mchanganyiko mbaya wa kusafirisha. Ilifika ikiwa imezungushiwa karatasi tupu, kona moja ya ganda imepasuka na vitufe vitatu vinazungukazunguka ndani ya boksi. Nililipia usafirishaji zaidi kuliko nilivyoilipia kibodi yenyewe, na bado ilinibidi nitafute gundi ya plastiki kabla sijaiwasha. Nilipoagiza vipuri baadaye niliandika wazi kwamba nataka boksi mbili, moja ndani ya nyingine, na sponji ngumu pande zote, na nikakubali kulipia nyongeza hiyo. Hiyo ni fedha isiyopotea.

Kosa la tatu ndilo lililonila muda mwingi. Plagi ya kibodi hii ni ya mviringo, yenye pini tano, lakini pini zake zimepangwa tofauti na zile za kompyuta binafsi za zamani. Nikanunua adapta mbili za bei rahisi, nikaziunga kwa waya, nikachomeka kwenye USB. Nilipobonyeza A ilitokea herufi nyingine, na vitufe vingine vilijirudia bila kukoma. Nilidhani kibodi imekufa. Ukweli ni kwamba ilikuwa inazungumza lugha nyingine: kibodi za terminali hutuma namba za vitufe kutoka katika jedwali linaloitwa seti ya 3, ilhali adapta za kawaida husubiri seti ya 2. Tena, katika seti ya 3 vitufe vingi havitoi taarifa vinapoachiliwa mpaka kibodi iamriwe kufanya hivyo, ndiyo maana kompyuta iliamini kwamba kidole changu bado kiko juu ya kitufe.

Kinachotakiwa ni kigeuzi chenye akili yake. Nilitumia bodi ndogo ya Teensy 2.0, yenye chipu ya ATmega32U4, nikaipakia programu ya bure iliyoandikwa na wapenzi wa kibodi za zamani kwa ajili ya kazi hii hasa. Waya zinazohitajika ni nne tu: umeme wa volti 5, ardhi, data na saa. Rangi za waya usiziamini hata kidogo. Chukua multimita, pima kila pini mpaka mwisho wa waya wake, andika kwenye karatasi, kisha pima tena kabla ya kulehemu. Nilipofika hapo nilikuwa nimeshajifunza kutokuwa na haraka, na kigeuzi kilifanya kazi mara ya kwanza. Kuliona neno zima likitokea sawasawa kwenye skrini, kutoka kwenye chombo chenye umri mkubwa kama huo, kulinipa furaha ambayo hata leo sijapata maneno ya kuieleza vizuri.

Furaha hiyo ilidumu mpaka niliposikia vitufe kadhaa vikijibonyeza vyenyewe. Kibodi yangu ni Model F, nayo haitumii miguso ya shaba. Chini ya kila kitufe kuna springi inayojipinda ghafla ikikandamizwa, nayo hutikisa kijibamba kidogo kilicho juu ya bodi ya saketi, na kibodi hutambua mabadiliko ya umeme uliohifadhiwa kati ya kijibamba na bodi. Kati ya bodi na bamba la juu la chuma kuna tabaka la sponji, na sponji hiyo, baada ya miongo kadhaa, huwa unga mweusi unaonata. Unga ukiingia chini ya kijibamba, kitufe hukosa kazi au hujiendesha chenyewe. Hilo ni suala la umri tu, na mtu yeyote anayenunua kibodi ya namna hii ahesabu tangu mwanzo kwamba atabadilisha sponji.

Nilitenga siku moja ya mapumziko. Kazi ikachukua tatu. Vitufe nilivilowesha kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini usiku kucha, baada ya kuipiga picha kibodi nzima ili nijue kila kimoja kinarudi wapi. Mabamba mawili ya chuma hutenganishwa kwa kuyatelezesha, moja dhidi ya jingine, kwa kugonga taratibu na kipande cha mbao. Unga wote nilioukuta humo niliufuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na pombe ya kusafishia. Sponji mpya niliikata kwa kufuata bamba la zamani, nikatoboa matundu 122 na mengine machache ya ziada kwa bomba la chuma lenye ukingo mkali.

Kosa nililofanya hapa niliweke wazi, kwa sababu naamini wengi watalifanya. Nilipanga vijibamba vyote, nikalaza sponji na bodi, nikafunga, nikarudisha ganda, nikarudisha vitufe vyote, ndipo nikajaribu. Vitufe viwili havikujibu, kwani vijibamba vyake vilikuwa vimeteleza wakati wa kufunga. Ilinibidi kuvua vitufe vyote na kurudi nyuma hatua zote. Njia sahihi ni kuunganisha kigeuzi mara tu mabamba yanapokutana, kabla ya ganda na kabla ya vitufe, na kukandamiza kila springi kwa kijiti cha mbao huku ukiangalia kwenye skrini ni namba gani inatoka. Hufanywa kwa dakika kumi, na mimi niliziruka nikalipa saa sita.

Kuhusu ofisini, nilifanya jambo moja vizuri kwa bahati na jingine vibaya kwa kutofikiri. Niliomba ruhusa kabla ya kuchomeka kifaa changu, na kumbe lilikuwa jambo la lazima: kigeuzi cha kutengeneza kwa mkono hujitambulisha kwa kompyuta kama kifaa kisichofahamika, na walinzi wa mifumo wana haki ya kukizuia. Walikikagua, wakaniruhusu. Ambalo sikulifikiria ni mlio. Springi ya Model F hulia kwa nguvu, na aliyeketi karibu nami alivumilia siku nne kabla ya kuniambia, kwa upole, kwamba hasikii simu zake vizuri. Nilihamia meza ya pembeni na kulaza mkeka mnene wa mpira chini ya kibodi, mlio ukapungua ingawa haukwisha. Kama ningeuliza kwanza, nisingemlazimisha mtu mpole kulalamika.

Mwili nao ulikuwa na madai yake. Vile vitufe kumi vya kushoto huzisukuma herufi kuelekea kulia, na mimi nilikuwa nimeiweka kibodi ikalingana na katikati ya skrini, hivyo nikawa naandika kiwiliwili kikiwa kimepinda. Kipanya nacho kilisogezwa mbali kulia kiasi kwamba baada ya wiki mbili bega liliniuma usiku. Dawa ilikuwa kupanga kila kitu kwa kufuata herufi G na H, ambazo ndizo zinapaswa kuwa mbele ya kitovu, na kukihamishia kipanya mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ulihitaji mwezi mzima kukizoea. Kiti pia nilikipandisha, kwa kuwa kibodi yenyewe ni ndefu kwenda juu na viganja vilikuwa vinapinda.

Kisha kupanga kazi za vitufe. Viwango vya USB vina namba rasmi za F13 hadi F24, nami nilidhani kwamba nikizituma hizo mambo yamekwisha. Kwenye Windows zilipokelewa, lakini programu yetu inayoiga terminali haikuzijua mpaka nibadilishe mipangilio yake kwenye kila kompyuta. Kwenye Linux, ninayotumia nyumbani, F13 ilifika ikiwa na jina jingine kabisa, la kufungua zana, kwa sababu mpangilio wa kawaida wa mfumo huo umezipa namba hizo kazi nyingine. Baada ya kuhangaika, niliamua kigeuzi chenyewe kitume Shift na F1 pale ninapobonyeza F13, na vivyo hivyo kwa vingine vyote. Sasa ninaweza kuihamishia kibodi kwenye kompyuta yoyote bila kugusa mpangilio wake. Vile vitufe kumi vya kushoto nilivipa kazi zote kwa siku moja: nakili, bandika, Field Exit, tarehe ya leo, maneno ninayoyarudia. Nilisahau nusu yake kabla ya wiki kwisha. Nikavifuta, nikaanza upya kwa kuongeza kitufe kimoja kila wiki, na hapo vidole vikaanza kukumbuka vyenyewe bila mimi kuangalia chini.

Katika mwezi wa tatu lilitokea jambo lililonilazimisha kuifikiria upya kazi nzima. Nilikuwa nafanya kazi kwa kasi, nikanyoosha kidole kuelekea F11, kikafika juu kidogo kuliko nilivyokusudia. Nikaona tena ile skrini ya kuthibitisha kubatilisha. Safari hii nilisimama, nikaisoma, nikarudi nyuma salama. Lakini nilikaa nikiitazama kibodi kwa muda mrefu. F23 iko moja kwa moja juu ya F11, na nafasi kati yake ni ndogo kuliko upana wa kidole. Nilikuwa nimetumia fedha karibu mara tatu ya nilizopanga, na miezi, ili kuvitenganisha vitufe viwili ambavyo waliounda kibodi waliviweka ukuta kwa ukuta. Shida ambayo Shift ilinisababishia ilikuwa ya ujirani, na niliichukulia kama shida ya upungufu wa vitufe.

Jioni hiyo nilifanya lile nililopaswa kulifanya kabla ya kununua chochote: nikachukua daftari, na kwa siku tano nikachora mstari kila nilipotoa amri yoyote. Kati ya amri 24 za mfumo, nilitumia tisa. Nne kati ya hizo tisa zilichukua sehemu kubwa sana ya mistari yote, na kubatilisha oda kulikuwa na mistari miwili kwa wiki nzima. Amri ya mara mbili kwa wiki haikuwa na sababu ya kukaa chini ya vidole. Niliiondoa F23 kwenye kitufe chake na kukiacha kitufe hicho kikiwa kimya, kisha nikaipeleka kazi yake kwenye kona ya chini kabisa ya vile kumi vya kushoto, mahali pasipofikika bila kuunyanyua mkono wote. Nikakumbuka rangi za Bloomberg: vile vinne vya kila dakika nikavipa vifuniko vya kijani, na kile cha kona kifuniko chekundu. Vingine vilivyobaki niliviacha na rangi yake ya kale.

Tangu hapo sijabatilisha oda kwa bahati mbaya, na kibodi iko mezani kwangu kila siku, vitufe kumi na kitu kati ya vyake vikiwa havina kazi yoyote. Siioni kuwa hasara. Ninaipenda springi yake, na ninajua sasa kila kilichomo ndani yake.

Hivi karibuni mwenzangu wa idara ya malipo, ambaye amekuwa akinitazama, aliniomba nimtafutie kibodi kama yangu. Sikumkatalia. Nilimpa daftari lile lile, ukurasa mpya, nikamwomba achore mistari kwa siku tano kwanza. Alirudi Ijumaa na orodha yenye amri nne. Nilimtengenezea kibodi ndogo ya pembeni yenye vitufe sita, isiyozidi kiganja, kwa chipu ileile ya ATmega32U4, na viwili kati ya hivyo sita bado hajavipangia kazi.